Viatu vya Uzi Mweupe

Usiku kucha simu ilikuwa mezani, kati ya kopo la chumvi na kikapu cha mkate, na Münevver hakuiondolea macho. Mumewe, Nazmi, alisimama dirishani akivuta sigara moja baada ya nyingine. Ilikuwa siku ya tisa tangu meli ya mizigo aliyofanyia kazi mtoto wao Tuncay izame katika Bahari Nyeusi. Tuncay alikuwa msaidizi wa mpishi. Miili mitatu ilikuwa imepatikana, wake haukuwamo. Ofisi ya meli iliahidi kupiga, na Münevver aliapa hatalala, kana kwamba usingizi wake ndio ungemzamisha mwanawe.

Simu ililia alfajiri. Nazmi alisikiliza, akasema "ndiyo" mara tatu, akaiweka chini taratibu.

"Wameacha kutafuta."

"Wamempata?"

"Wameacha, Münevver. Tangu jana jioni."

"Basi hawajampata. Mtu asiyeonekana hajafa."

Münevver akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kununua mkate, maana tumbo halijui msiba. Aliporudi alimkuta jirani yake Pakize mlangoni, sufuria ya mchuzi mikononi, macho mekundu.

"Dada yangu, Mungu akupe subira."

"Subira ya nini? Nani kafa hapa?"

Pakize alitazama kizingiti, kisha akatazama pembeni. "Mimi niliona viatu, dada. Nilidhani mmeshajua."

Münevver aliingia mbio hadi kabatini. Mahali pa viatu vya Tuncay palikuwa na vumbi lenye umbo la soli mbili. Katika mji wao, aliyefiwa huweka viatu vya marehemu nje ya mlango, na mhitaji wa kwanza kupita huvichukua. Havirudi tena ndani. Hivi vilikuwa vya ngozi ya kahawia, alivyonunua Tuncay kwa ajili ya harusi ya binamu yake, na cha kushoto kilishonwa kwa uzi mweupe kwa sababu siku ile fundi aliishiwa uzi wa kahawia. Tuncay alicheka sana. "Niwekee hivyohivyo, mama. Nikirudi nitavivaa, wasichana wanijue kwa mbali."

"Umevitoa," alimwambia mumewe.

"Nimevitoa. Na vimeshachukuliwa."

"Na nani?"

"Mgeni wa juu. Sandali zake zimekatika, anatembea kazifunga kamba. Akavionyesha kwa kidole, nikamwambia chukua, mwanangu." Akazima sigara kabla haijaisha. "Siwezi kumngoja mtu aliye chini ya maji. Nataka nimsomee dua kama watu wengine."

"Wewe umemzika. Mimi sijamzika."

Wageni wa juu walikuwa Matej na Hana, mvulana na msichana kutoka nchi ya baridi, mabegi makubwa mgongoni na mifuko mitupu. Siku ya nne sasa walilala katika chumba cha Tuncay, ambacho kilikodishwa kila alipokuwa melini. Walivua viatu mlangoni mwa chumba bila kuambiwa, na kila jioni Münevver alipanda kuvigeuza, ncha zielekee ngazini, ili asubuhi mgeni avivae bila kuhangaika. Ndivyo alivyowafanyia wageni wote. Vya Tuncay hakuvigeuza hata siku moja. Mwenye nyumba hageuziwi viatu.

Akatoka kuwatafuta. Njiani jambo lilionekana jepesi: atawaonyesha kwa kidole, atawapa vya Nazmi badala yake. Lakini mtu huombaje kurudishiwa sadaka? Na asipoomba, Tuncay atakuja kuvaa nini?

Aliwakuta kwenye bomba la msikiti wakijaza maji chupa zao, Hana akiosha nyanya mbili. Hawakuwa na haraka. Walikwenda gatini wakagawana mkate mmoja wa duara wenye ufuta, na nusu ya nusu yao wakawapa paka. Münevver alijibanza kando ya kibanda cha matunda, asitazame nyuso zao, atazame miguu. Tuncay alikanyagia ukingo wa nje wa nyayo, na visigino vilikuwa vimelika upande huo. Huyu alikanyaga bapa, kama bata. Ngozi ilikuwa imeanza kukunjika mahali papya.

Kwenye mkahawa wa Sabri walikaa kando ya wanaume waliokuwa wakicheza dado.

"Karibuni, matajiri wangu!" Sabri alipaza sauti. "Chai moja, vijiko viwili, kama kawaida? Mkikaa mwezi mzima hapa mimi nitakwenda kuomba!" Wanaume wakacheka, na wale wawili wakacheka nao bila kuelewa neno. "Lo, leo mguu umependeza, bwana harusi! Hivyo umeviiba w..."

Alikuwa ameuona uzi mweupe. Kisha akamwona Münevver ng'ambo ya njia. Alivua kofia, akaingia ndani, akatoka na glasi ya pili ya chai, akaiweka mbele ya Matej.

"Kunywa, kijana. Ya leo si juu yako."

Dado zilitulia mezani. Mzee mmoja aligeukia upande wa Münevver akainua viganja kuomba dua. Münevver alitaka kumpigia kelele aishushe mikono yake.

Mchana wageni walilala ufukweni chini ya msonobari. Matej alivua viatu, akavipanga vizuri karibu na kichwa chake, soksi ndani. Kutoka alipokuwa Münevver zilikuwa hatua tano. Alizipiga zote. Mwanamke mzima, amezaa, amehiji kwa nia kama si kwa miguu, anainama kuiba. Mkono wake ulikuwa umeshagusa kamba ya kiatu Hana alipofumbua macho.

Msichana hakushtuka. Alimtabasamia mama mwenye nyumba, akapekua begi, akampa nyanya iliyobaki.

Münevver aliipokea. Akaila palepale, amesimama, kwa sababu tangu jana alikuwa hajatia kitu kinywani. Kisha akarudi nyumbani.

Nyumba ilikuwa imejaa. Pakize alikuwa akikoroga halua ya msiba jikoni bila kuomba ruhusa. Nazmi alikaa katikati ya wanaume, mgongo umeinama. Magharibi ilipoingia wageni walirudi, wakawapita watu kwa kunyata, wakapanda juu. Münevver akawafuata baada ya muda.

Viatu vilikuwa mbele ya mlango wa chumba cha Tuncay, ncha zikitazama mlango, kimoja mbele ya mwenzake kidogo, kama mtu aliyeingia kwa uchovu. Ndani kijana alikohoa. Kitanda kikalia mlio wake uleule. Münevver aliketi kwenye ngazi ya juu, na kwa pumzi moja, pengine mbili, mwanawe alikuwa nyumbani.

Akainua mkono agonge. Neno lilikuwa moja tu: nirudishie.

Chini walianza kusoma Yasini. Sauti ya Nazmi ilisikika juu ya nyingine zote, ikipotea, ikirudi.

Münevver alishusha mkono. Akashika cha kulia, akakigeuza. Akashika cha kushoto, akaupapasa uzi kwa kidole gumba kuanzia mwanzo hadi mwisho, akakigeuza nacho, akakilinganisha na mwenzake, ncha zote zikielekea ngazini.

Mlango haukufunguliwa.