Mstari wa Mwisho Ndio wa Kuangalia

Nakumbuka asubuhi moja chuoni, mwanangu, vidole vyangu vimejaa wino na macho mekundu kwa kulia. Mama yako ameniambia umefeli mwaka na hutaki kurudi darasani. Sikugombezi. Hata mimi nilifeli, mwaka ule baba alipougua, nikarudia darasa palepale chuoni pamoja na watoto niliowazidi umri. Inauma, najua.

Profesa Ilunga, mzee wetu wa hesabu, alinipa swali. Mistari imepangwa mmoja chini ya mwingine, na kila mstari una miraba miwili. Kila mraba upake mweusi au uuache mweupe, ila myeusi miwili isigusane, si kando kwa kando wala juu na chini. Kwa mistari kumi, kuna namna ngapi za kupaka?

Kwa ukaidi wangu huu unaoujua, nikaanza kuzichora zote! Kila nikiongeza mstari, narudi kukagua tangu juu kabisa. Mistari mitatu ilinipa namna kumi na saba. Kupita hapo, karatasi zikanishinda. Nikaamua hesabu si yangu, bora niende kijijini Lukafu kwa shangazi nikalime mahindi. Nikamwendea profesa kumuaga. Akanivutia kiti, akaniuliza kwa Kiswahili cha mtaani kwetu:

"Mutoto, kwa nini uko narudia kuangalia mustari ya kwanza?"

"Naogopa, Prof. Labda iko na makosa."

"Ulishaka kuiangalia, ilishaka pita. Angalia tu ile ya mwisho, njo itakuonyesha ile inaweza kufuata. Na mwaka yako ya kufeli iko vilevile."

Nililia tena, safari hii kwa nafuu. Kisha nikaona. Mstari wa mwisho ukiwa mweupe mtupu, unaweza kufuatwa na mistari ya aina tatu. Ukiwa na mweusi mmoja, aina mbili. Basi, nikawa nahesabu tu namna ngapi zinaishia kwa mstari mweupe na ngapi kwa wenye mweusi! Kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza mistari kumi kwenye karatasi moja. Shangazi alilima mahindi yake bila mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, mwaka uliofeli huwezi kuupaka upya, na kuukagua kila siku hakukusogezi. Angalia uliposimama leo, ujiulize nini kinaweza kufuata, halafu ukifanye. Jumatatu rudi darasani. Mungu akutangulie, akupe mwalimu atakayekuvutia kiti, na hata mstari wako ukiwa na mweusi, usikose wa kufuata.