Hajakubali Asiyesema

Shangazi yangu Torgunn hakuwahi kuamua jambo mezani bila kuwauliza watu kwa majina, akianza na aliyekuwa kimya. Iwe ni mlima gani tupande Jumapili, iwe ni jamu ipi ifunguliwe. "Mbwa umemsahau," mumewe Halvard alizoea kumtania. Naye humgeukia mbwa, akamuuliza.

Alizaliwa ndani kabisa bondeni, mbali na bahari, kama mimi. Kule kwetu, mtu akija kuazima farasi nawe hutaki kumpa, humwambii hapana. Unatazama dirishani na kunywa kahawa yako mpaka aelewe mwenyewe, aage. Ni kukataa kwa heshima. Pwani alikoolewa mambo ni kinyume: asiyesema amekubali, maana samaki hawangoji. Torgunn alisimamia tawi la benki ya akiba huko kwa miaka mingi, na tofauti hiyo haikuwahi kumdhuru.

Kisha ikaja sheria ya bodi za wakurugenzi. Kampuni kubwa zenye hisa sokoni zilitakiwa ziwe na wanawake asilimia arobaini mezani, la sivyo mahakama izivunje. Bodi ya kampuni ya samaki ya pale mjini ilikuwa ya wanaume watupu. Wawili wakajiuzulu, na mwenyekiti, Eilert, akaja kwa Torgunn, akala keki yake yenye jibini la kahawia kabla hajasema shida yake.

"Nahitaji wanawake wawili kabla ya Krismasi. Mmoja nimempata Oslo, mwanasheria."

"Na mimi ni wa kujazia kiti?"

"Wewe ni wa kutuokoa. Tukivunjwa nitashinda nyumbani na mke wangu kutwa. Mwonee huruma yule mama."

Torgunn akacheka, akakubali.

Katika kikao chake cha kwanza, Eilert alileta hoja ya kukifunga kiwanda cha minofu kisiwani Lyngvær. Wanawake wa kisiwa kile hawakuwa na kazi nyingine. Mmoja wao, Jorid, ndiye rafiki wa kwanza ambaye Torgunn alimpata pwani. Alikuwa mjane, na kiwanda kikifungwa ingembidi ahame, aliache kaburi la mumewe.

Torgunn akaweka kikombe chini, akatazama dirishani. Alitazama kwa muda mrefu. Kwa watu wa bondeni, ilikuwa sawa na kupiga ngumi mezani.

"Haya, basi tuseme hivyo," alisema Eilert, wakaingia kwenye jambo jingine.

Alirudi nyumbani na moyo mweupe, akijua amekataa. Siku chache baadaye Jorid akapiga simu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Nasikia mlikubaliana wote. Hata wewe, dada."

Halvard alimsikiliza mkewe hadi mwisho. "Ulisema nini hasa?"

"Sikusema kitu."

"Mke wangu, hapa usiposema kitu umesema ndiyo. Umelala pwani miaka yote hii, umeota bondeni."

Katika kikao kilichofuata Torgunn hakungoja kahawa imiminwe.

"Mwenyekiti, kile kiwanda. Mimi sikukubali."

"Lakini ulinyamaza."

"Ndiyo. Nilikataa kwa nguvu zangu zote."

Sjur, mjumbe mkongwe kuliko wote, alicheka hadi akakohoa. "Tutajuaje, mama? Ukikataa unanyamaza, ukitafuna unanyamaza."

"Mniulize. Kila mtu aulizwe kwa jina lake."

Eilert akashusha pumzi, akauliza ili yaishe. Mwanasheria wa Oslo, aliyekuwa kwenye simu, akasema alidhani wenyeji wamekwisha kuafikiana, naye hakutaka kuwaingilia. Kama ni yeye, asingekifunga. Zamu ya Sjur ilipofika, kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Mamangu alikata samaki pale," alisema. "Nilidhani ninyi wote mmekubali."

Waliokataa wakawa watatu kwa wawili. Kiwanda kilifungwa hatimaye, lakini miaka mingi baadaye, Jorid akiwa amekwisha kustaafu, nyumbani kwake kisiwani, na mapazia yake yaleyale ya siku zote dirishani.

Majira ya kuchipua yaliyopita, theluji ikianza kuyeyuka, tulikaa kuzunguka kitanda cha Torgunn. Madaktari walisema upasuaji mmoja zaidi ungeweza kujaribiwa Bergen. Yeye alitaka kubaki nyumbani, lakini hakutaka kuamua peke yake, kana kwamba mwili ule ulikuwa wetu sote. Alimuuliza mwanawe mkubwa, ambaye alitaka apelekwe. Alimuuliza mdogo, ambaye alilia, akasema abaki. Safari hii aliyekuwa kimya alimweka mwisho, labda kwa kunihurumia. Nami nilikuwa nikiitazama dirishani theluji ikidondoka kutoka paa la jirani.

"Na wewe, Gunnvor?" akasema. "Dirisha nimeliona. Sasa nataka kukusikia."