Mtani wa Yeremia

Mama yangu mdogo Raheli alikuwa na mdomo. Simsengenyi, mwenyewe alijisifia. Mamboya nzima ilijua kwamba ukitaka kuzika mtu wa ukoo wa akina Yeremia bila vituko, umfungie Raheli ndani kwanza. Ukoo wetu na ukoo wao ni watani tangu enzi za mababu, na yeye utani aliuchukua kama kazi ya kuajiriwa. Msiba ukitokea kwao alifika wa kwanza, akajilaza kwenye mkeka wa marehemu, akadai yeye ndiye maiti na anataka chai. Wafiwa walicheka huku machozi yanawatoka. Asikudanganye mtu kwamba ni upuuzi. Nimemwona mjane aliyekataa kula akila kwa hasira, kwa sababu Raheli alimnyang'anya sahani.

Yeremia mwenyewe ndiye aliyekuwa mtani wake mkubwa. Alikuwa mwanaume mrefu, mpole, mwimba besi wa kwaya. Raheli alimwita "mume wangu" mbele ya mkewe, Agnesi, na Agnesi naye alimwita Raheli "mke mwenzangu", kisha wakachekana. Wanawake hao wawili walikuwa mashoga wa kweli. Walilima maharage pamoja, wakaazimana chumvi, wakasukana nywele. Mimi Ida nililelewa na Raheli baada ya mama yangu kufariki, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Mwaka wa sabini na nne ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Sisi watu wa milimani tulizoea kukaa mbalimbali, kila mtu na kilima chake, migomba yake na makaburi ya wazee wake. Tukaambiwa tushuke tukakae pamoja kando ya barabara, ndipo shule, zahanati na maji vitufikie. Sitasema uongo, maji yalifika, na mimi nilikinga ndoo nikafurahi. Lakini yalifika baadaye. Kwanza tulilala kwenye vibanda vya nyasi, kisha jua likakausha mahindi, tukala ule unga wa njano tuliouita unga wa Yanga.

Yeremia alihama kama wengine. Hakugomba na mtu. Ila kibanda chake hakikuisha, wakawa wanajibana na mama yake. Alisimika nguzo mbili, akakaa chini akizitazama mpaka jua likazama, na kesho yake vilevile. Akaacha kuimba. Shati likawa linamning'inia. Kwenye shamba la ujamaa alishika jembe lakini mstari wake haukusogea, na wenzake wakaanza kumwita kupe, neno baya kuliko matusi yote ya miaka ile. Sisi tulisema ni uvivu. Wengine walisema karogwa. Hakuna aliyesema ni ugonjwa, maana hakukohoa wala hakuwa na homa.

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka shambani, kundi zima. Agnesi hakuwepo, alibaki nyumbani na watoto na mama mkwe wake. Yeremia alisimama njiani akamngoja Raheli.

"Mtani," akamwambia, "noa jembe lako. Jumamosi utanizika."

Raheli hakupepesa jicho. "Afadhali, mume wangu, umenichelewesha mno! Ila nitakuchimbia shimo fupi, ukunje miguu humo humo. Nani ana nguvu ya kuzika mlingoti kama wewe?"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Yeremia naye alicheka, na hatukuwa tumemwona akicheka tangu tuhame. Tukasema afadhali, Yeremia anapata nafuu.

Jumamosi Yeremia alijiua. Sielezi namna, haimsaidii mtu.

Kwetu, wakati ule, aliyejitoa roho hakuzikwa kama wengine. Kengele ya kanisa haikupigwa. Mchungaji hakuja na joho. Shimo lilichimbwa haraka nje ya ua wa makaburi, na wazee wakaagiza watu wasilie kwa sauti, wala jina la marehemu lisitajwe tena, wasije wengine wakaiga. Watani nao hawana kazi kwenye msiba wa namna hiyo. Raheli alisimama nyuma yetu, mikono kifuani. Kisha akasogea ukingoni, akalitazama lile shimo.

"Fupi," akasema. "Ongezeni."

Danieli, balozi wetu wa nyumba kumi, akamwambia kwa ukali kwamba leo si siku ya utani. Raheli alichukua jembe, akashuka mwenyewe, akachimba upande wa miguu mpaka jasho likamchuruzika usoni, na wanaume wakabaki wakimtazama tu. Yeremia akalala amenyooka.

Tangu hapo mdomo ule uliokuwa hautulii ukafunga. Raheli alipika, akalima, akalala. Mimi nilijua kwa nini, na wote tuliokuwa njiani siku ile tulijua, lakini nani angesema? Tulicheka wote. Ni Agnesi peke yake ambaye hakujua.

Naye Agnesi hakulia. Aliambiwa asilie, akatii, na kutii huko kukawa kama kumeza jiwe. Akakonda. Wiki zikapita, akaacha kwenda kisimani. Siku moja nilipopita kwake akaniita, akanipa ungo wake mzuri na kitenge alichoolewa nacho.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Mimi sina kazi navyo."

Nikarudi nyumbani ninachekacheka kama mjinga. Raheli alipouona ule ungo aliniuliza nimeutoa wapi. Nilipomweleza, akainuka.

"Yeremia aligawa shoka lake," akasema. "Aligawa shoka, nasi tukamshukuru."

Akachukua kikapu cha maharage makavu, ya kupukuchua, akanivuta mkono. Ilikuwa mchana, saa za watu kuwa shambani. Tukapiga hodi. Bibi Costancia, mama yake Yeremia, akatukaribisha. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti iliyochoka. Agnesi alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, miguu imejaa majivu. Raheli akaketi chini karibu naye, akaweka kikapu katikati yao. Wakaanza kupukuchua.

"Agnesi," Raheli akasema, "unataka kufa?"

Bibi Costancia alishtuka akaangusha mwiko. "Raheli! Usituletee uchuro humu ndani! Kifo hakitajwi, kitasikia!"

"Kilishasikia, mama. Kilipita hapahapa, na hatukukitaja." Akamgeukia tena Agnesi. "Sitanii, shoga yangu. Utani nimeuweka chini. Unataka kufa?"

Agnesi alipukuchua ganda moja, kisha lingine.

"Ndiyo," akasema.

Nilitaka kukimbia. Raheli alitulia palepale, akamwuliza kwa nini, kama mtu anayeuliza njia.

"Asubuhi ile nilimtukana," Agnesi akasema. "Nilimwambia si mwanaume, kila mwanamke hapa ana nyumba isipokuwa mimi. Nilimwita kupe. Akatoka na neno langu kichwani, hakurudi. Mimi ndiye niliyemuua. Mnanionea huruma tu, lakini mnajua."

Nilimtazama mama mdogo, na ndani ya moyo nilimwomba Mungu amnyamazishe. Angeweza kusema, "Usiseme hivyo, ni mapenzi ya Mungu," kama tulivyosema sote kila tulipokwenda pale, akabaki na rafiki yake. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Agnesi angebaki na lile neno lake, na neno lile lilikuwa linamla.

"Hakufa kwa neno lako," Raheli akasema. "Alikuwa ameshaamua. Alikuwa mgonjwa, Agnesi, siku nyingi, ndani kwa ndani, tukamwita mvivu. Alinisimamisha njiani akaniambia, 'Jumamosi utanizika.' Asubuhi yenu ile hata haijafika. Alikuja kwangu kwa sababu neno kama hilo mtu anaweza kumwambia mtani tu. Nami nikamjibu kwa utani."

"Ulimjibu nini?"

Raheli akalirudia lote, la kuchelewa na la shimo fupi na la mlingoti. Hakupunguza hata moja.

Agnesi alimtazama. Kisha akafungua mdomo akalia. Alilia kile kilio alichokatazwa makaburini, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na akalitaja jina, Yeremia, Yeremia wangu, na bibi Costancia naye akaangua kilio akiita mwanangu, mwanangu. Maharage yalikuwa yamemwagika kote sakafuni. Agnesi ndiye aliyekipiga teke kikapu.

"Toka," akamwambia Raheli. "Toka kwangu. Usinisalimie mpaka naingia kaburini."

"Natoka," Raheli akasema. "Lakini Ida anabaki. Kesho atakuja mwingine. Peke yako hukai."

Akatoka, akazunguka nyumba kwa nyumba. Aliwaomba wanawake waende kwa Agnesi kwa zamu, kila mmoja na kazi yake mkononi, huyu ukili wa kusuka, yule mchele wa kuchambua, isije ikaonekana ni ulinzi. Akambembeleza mama wa zahanati awe anapita na dawa ya usingizi, na awape watu wa nyumbani kidogo kidogo, si chupa nzima. Danieli alinung'unika kwamba nguvu kazi ya kijiji inapotea. Raheli akamwambia maiti hana nguvu kazi. Yeye mwenyewe hakukanyaga pale tena. Kila jioni alikaa akingoja habari. Amekula? Ameoga? Amesema nini?

Mvua za masika zilikuwa zimeanza Agnesi aliponiambia, bila kunitazama, "Niletee ungo wangu. Nina mahindi ya kupepeta." Nilikimbia na ule ungo kwenye matope, nikaanguka, nikainuka. Raheli aliposikia alijifunika kanga usoni akalia.

Baada ya hapo akawa na kazi yake mpya, na watu hawakuipenda. Kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti alipofika kwenye mengineyo, Raheli alisimama akasema kwamba watani wa kijiji hiki, mtu akikuambia njoo unizike, cheka naye kama desturi, kisha mvute pembeni uweke utani chini umwulize kweli. Wazee walisema mwanamke huyu anaita vifo. Wengine walimwita mchuro mpaka watoto wakalishika jina. Lakini usiku mtu akikosa usingizi, asubuhi mkewe alikuja kwetu kwa njia ya uani. Raheli alikwenda, akakaa, akauliza. Wengine aliwapeleka hospitali Kilosa, juu ya lori, akiwashika mkono. Si wote waliopona. Makarius, binamu yetu aliyekuwa kibarua Kilangali kwenye shamba la mbegu, tulimkuta wameshamzika, na Raheli alikaa pale kaburini nikamburuta kumwondoa.

Agnesi aliishi. Alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, akawalea wanawe, akarudi kwaya. Lakini neno lake hakulivunja. Miaka yote ile alipita mbele ya mlango wetu kwenda bombani, na hakumsalimia Raheli hata mara moja. Kwetu sisi hata adui unamsalimia, ndipo ugombane naye. Mimi lilinikera. Siku moja nilimwambia mama mdogo kwamba yule mwanamke hana shukrani, ningekuwa mimi ningemfuata barabarani nikamwambie anapumua kwa ajili ya nani.

"Usinidaie salamu wewe," Raheli akasema. "Na inaniuma, Ida, kama unataka kujua. Inaniuma kila siku. Nyamaza."

Baadaye macho yake yalififia kwa mtoto wa jicho, akawa anatoka alfajiri kuketi kizingitini, uso ameuelekeza barabarani, haoni kitu. Nilikuwa nikikoka moto huku nyuma.

"Kapita?" aliniuliza.

"Kapita."

"Ana ndoo?"

"Anayo, kichwani."

"Haya," akasema. "Nipe uji."