Nyumba Iliyovuta Kushoto

Ndani ya nyumba yetu kulinuka mafuta ya taa na ubani kwa pamoja. Mafuta ya taa yalikuwa ya Baba, aliyeoshea beringi kwenye karai pale mlangoni. Ubani ulikuwa wa Mama, aliyefukiza kila jioni ili kuifukuza harufu ya Baba, na sikumbuki hata siku moja ambapo mmoja wao alishinda. Nyumba yenyewe ilikuwa gari. Wasafiri wa Kizungu waliokuwa wakielekea Uhabeshi walifika nalo Isiolo, pale lami ilipoishia, wakalijaribu kidogo upande wa kaskazini, wakarudi wamenuna na kumuuzia Baba bila kubishana. Lilikuwa lori kuukuu lililojengewa chumba mgongoni: vitanda viwili, kabati, jiko la gesi lisilo na gesi, na dirisha lenye pazia la maua. Baba alikuwa fundi wa malori, na alilipenda kama ndama yatima. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa na miaka kumi. Tuliliegesha kwenye ploti ya kupanga kule mtaa wa Bulla Pesa, na watoto wa jirani wakalibandika jina la Mlevi, kwa kuwa kila lilipoingia barabarani liliyumba, kisha likavuta kushoto hadi Baba akapigana na usukani kwa mikono miwili.

Mama alikuwa mwalimu. Mwezi wa Desemba ilifika barua kwamba shule zikifunguliwa ataanza kazi Merti, mbali huko kaskazini, na kwamba atapewa kitanda katika chumba cha walimu watatu. Mume na watoto wanne hawakutajwa. Baba akasema hilo si tatizo, tutaenda na nyumba yetu. Mama alimtazama, akalitazama gari, akasema, "Baba Guyo, mimi siweki watoto wangu kwa kitu unaambia kulia inaenda kushoto." Wakakubaliana hivi: gari likinyooka kabla ya shule kufunguliwa, tutaondoka sote. Lisiponyooka, Mama atapanda lori la mizigo na Jillo, aliyekuwa bado ananyonya, na sisi watatu, yaani kaka yangu Guyo, mimi na mdogo wetu Dida, tutabaki na Baba. Mle Bulla Pesa niliwajua watoto walioachwa kwa muhula mmoja tu, na muhula ule haukuisha. Niliogopa sana, na nikiogopa siwezi kukaa. Nililizunguka lile gari mchana kutwa hadi Mama akaniambia nitachimba mtaro.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na Baba alihangaika kweli na gari lake mwenyewe. Yeye na mwenzake Ekai, Mturkana mmoja mrefu aliyecheka hata alipojigonga nyundo, walitoa kingpini zilizolika, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, wakatia nyingine kutoka kwenye lori lililokufa. Walibadilisha vichwa vya tairodi, ule mtaimbo unaounganisha magurudumu mawili ya mbele, wakapunguza ulegevu wa usukani. Kisha ikaja kazi niliyoipenda, ya kuyapanga magurudumu. Waliinua upande mmoja kwa jeki, Ekai akalizungusha gurudumu, na Baba akashikilia msumari hadi mstari mwembamba ukajichora kuzunguka tairi lote. Wakafanya hivyo na la pili. Gari liliposhushwa na kusukumwa kidogo, walipima kwa ufito kutoka mstari hadi mstari, kwanza upande wa mbele wa matairi, halafu nyuma yake. Mbele panatakiwa pabane kidogo tu, unene wa njiti ya kiberiti. Baba alilegeza nati, akazungusha tairodi, akapima tena, akilalama kwa Kiborana kila ufito ulipomkataa.

Lakini kabla ya mafundi kugusa chochote, Mama alihamisha nyumba. Kwetu nyumba ni ya mwanamke: ndiye anayeijenga, ndiye anayeibomoa na kuipakia kwenye ngamia, na mwanamume wa nje haingii kutazama kitanda chake. Ekai alilazimika kuingia ili kuinua ubao wa sakafu na kufikia vyuma vya chini, kwa hiyo kila kitu kilitolewa kwanza. Tulibeba magodoro, masufuria, vibuyu vya maziwa, gunia la mahindi na sanduku la vitabu, tukamwaga maji ya pipa, tukarundika vyote kwa jirani. Gari likiwa tupu lilipangwa, likajaribiwa hadi soko la mifugo na kurudi, likaenda limenyooka kama askari. Baba akarudi anapiga honi. Tukarudisha vitu vyote, tukaingia sote, tukashika barabara ya Merti, na kabla hatujaipoteza Isiolo machoni Mlevi akaanza kuyumba. Hali hiyo ilijirudia mara tatu. Waliosema subira huvuta heri hawakuwahi kubeba gunia lile la mahindi nje na ndani mara tatu kwa wiki mbili.

Mara ya tatu liliingia mtaroni. Hatukuumia, isipokuwa Jillo aliyegonga kichwa kwenye kabati na kulia hadi tukafika nyumbani. Mama hakumlaumu mtu. Kesho yake asubuhi alianza kutoa vyake vya kupakia kwenye lori lile la mizigo, ambalo lingeondoka siku iliyofuata, na Baba akakaa juu ya tairi akijifanya anapangusa spana. Guyo na Ekai waliposhusha pipa la maji kutoka kule nyuma kabisa, ambako Baba alilifunga ili bomba litokeze nje, kisha gunia, niliona Mama amesimama ghafla. Mkia wa gari ulikuwa umepanda na pua imeshuka. Aliwaamuru warudishe pipa na gunia. Wakarudisha, mkia ukazama, pua ikainuka.

"Baba Guyo," akasema, "ngamia ukimwekea maji yote kwa matako, atatembea akiangalia mbingu."

"Hii ni gari, Mama Guyo. Si ngamia."

"Basi gari yako inaangalia mbingu."

Ekai alicheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Baba alitupa spana, akaanza kuondoka kuelekea hotelini kunywa chai. Nililelewa kujua kwamba sikio halipiti kichwa, lakini lori lilikuwa linaondoka kesho. Nilimkimbilia, nikamshika shati kwa nyuma, nikapiga kelele ploti nzima ikasikia: "Msikilize! Kwa nini humsikilizi?" Aligeuka na mkono umeinuka. Nilifumba macho. Kofi halikuja. Nilipofumbua, Baba alikuwa anamtazama Mama, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Haya. Pakia vile wewe unajua, tutapima na mzigo ndani."

Sasa ikawa zamu ya Mama kusita, kwa maana gari likipimwa na mzigo, mafundi wataingia kitanda kikiwa kimetandikwa. Alisimama mlangoni na shuka mkononi kwa muda mrefu. Kisha akaingia, akatandika mwenyewe, akapanga vibuyu vyake, akaagiza pipa na gunia vifungwe mbele, nyuma tu ya kiti cha dereva. Akasema, "Karibu, fundi." Ekai aliingia ameinamisha macho, bila kucheka. Sisi tukaketi mahali petu, Jillo mapajani, tukaambiwa tusitikisike, nami kwa mara ya kwanza siku zile nikatulia. Baba alipima chini yetu. Ufito uliokubali mara tatu sasa ulikosea kwa upana wa kidole kizima. Akatoa kichwa chini ya gari.

"Kumbe nilikuwa natengeneza gari haina watu," akasema, akarudi chini kuzungusha tairodi nasi tukiwa juu, hadi ufito ukakubali.

Siku ya pili lori la mizigo liliondoka bila Mama. Sisi tulitoka Ijumaa, baada ya swala. Mlevi alikwenda polepole na kwa kelele nyingi, lakini alikwenda alikoambiwa. Baba alianza kuendesha kwa mkono mmoja kujionyesha, Mama akamwambia atumie yote miwili, na tukafika Merti watu sita, tukaishi humo garini miaka minne.

Leo lami imepita Isiolo hadi Moyale, na kuna karakana yenye mashine inayopanga magurudumu kwa mwanga kabla chai haijapoa. Watu wakisikia habari zetu husema tuliteseka. Ni kweli, joto la bati lile silitamani kamwe. Baba na Mama wamelala makaburini. Guyo yuko Nairobi, Dida yuko ng'ambo, Jillo yuko Mombasa, nami nina nyumba ya mawe yenye vyumba vinne ambavyo navifagia peke yangu. Idd iliyopita nilipika pilau ya watu kumi, kwa sababu wote waliahidi kuja. Guyo alipiga simu asubuhi, Dida alituma picha. Jillo aliniambia nisijali, barabara siku hizi ni nzuri, anaweza kuja wakati wowote. Nilimpakulia mlinzi sahani kubwa, nikala naye pale getini.