Skolastika Anamtafuta Butoyi

Mimi sikuota kuja Gungu kuchapa barua za watu. Nilimfuata mume wangu alipohamishiwa Kigoma kikazi kutoka Same, nikachoka kukaa nyumbani, nikafungua steshenari. Nilikuwa na kompyuta moja, mashine ya kopi yenye tabia ya kutafuna karatasi, na mdomo wangu. Majirani wananijua: Mama Nickson ana haraka, Mama Nickson hana pole. Sikatai.

Skolastika alinikuta hivyohivyo. Ni mama wa Mwamgongo, kijiji cha ziwani kule ng'ambo ya Gombe, ambako bila boti hufiki. Mumewe alifariki, naye akaja kuishi Gungu kwa mdogo wake. Siku moja nikafungua duka nikakuta kapanga beseni la samaki, migebuka ya kukausha, mlangoni pangu, wala hakuniomba.

"Shikamoo mama. Hapa ni ofisi jamani! Harufu yote hii?"

"Marahaba, mwana wanje," akaniita mwanangu kwa Kiha chake. "Hii harufu ya chakula. Mbona ya wino wako sijaisema?"

Nikacheka bila kupenda. Tangu siku hiyo akawa wa pale pale, na mchana akawa ananitolea mgebuka mmoja nile na ugali.

Hiyo ilikuwa miaka ya juzijuzi, Warundi walipovuka tena ziwa kukimbia machafuko ya kwao. Waliletwa mjini kwa meli, wakalala uwanja wa mpira, kisha mabasi yakawapeleka makambini. Mabasi yakipita, Skolastika anaacha biashara yake, anasimama kando ya barabara anatazama madirishani, moja baada ya jingine. Nikadhani ni umbea tu. Mungu anisamehe, nilimwambia hivyo usoni, naye akarudi kwenye beseni lake.

Asubuhi moja akaingia ndani, kajifunga kitenge kizuri cha kanisani.

"Mama Nickson, nimesikia kuna tovuti. Watu wote wanaosaidia watu wamepangwa humo. Wa mbegu, wa ada, wa wanasheria. Na wanaotafuta waliopotea. Nitafutie mwanangu."

"Una mtoto aliyepotea na hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nikaifungua hiyo tovuti. Ilikuwa na visanduku vya kujaza: mkoa, mahali, aina ya msaada, unayemtafutia msaada ni nani. Nikajaza kwa haraka zangu. Mkoa, Kigoma. Nani? Mtoto.

"Ana miaka mingapi?"

"Saba."

Nikajaza. "Alionekana wapi mara ya mwisho?"

"Alipelekwa kambini, Mtabila."

Nikabonyeza. Hakuna matokeo. Nikafuta mahali, nikabonyeza tena, ikaja mipango ya chanjo, ya uji wa shule, ya madawati. Nikaanza kuona huyu mama ananipotezea muda. Tena Mtabila! Hata mimi mgeni nilijua kambi ile ilishafungwa kitambo na watu wakarudishwa kwao Burundi.

"Mama," nikamwambia, "hebu anza mwanzo. Mtoto huyu alizaliwa lini?"

"Sijui. Sikumzaa mimi."

Akavuta stuli, akanisimulia. Vita vya Burundi vya kabla ya hivi, vile vya miaka ya tisini, boti zilikuwa zinatia nanga Mwamgongo zimejaa watu hadi maji yanataka kuingia. Katika boti mojawapo alishushwa binti mdogo asiye na mtu. Alipoulizwa jina akasema Butoyi, na alipoulizwa umri akanyoosha vidole vitatu. Skolastika hakujaliwa mtoto. Akambeba mgongoni, akaenda naye nyumbani.

Sisi Wapare hatuna jambo hilo, lakini Waha na Warundi mapacha hawatafutiwi majina: wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Kwa hiyo alipolisikia tu lile jina, Skolastika alijua kwamba mahali fulani, kama hakufa, yuko Bukuru. Na pacha hapewi kitu peke yake, mwenzake akanyimwa. Basi miaka yote aliyomlea alinunua nguo mbili mbili. Gauni moja anamvalisha Butoyi, la pili analikunja na kuliweka sandukuni kwa ajili ya Bukuru asiyemjua. Mumewe alikuwa anamgombeza, eti unamvisha pepo. Yeye hakusikia la mtu.

Kisha mama mzazi akatokea. Alikuwa Mtabila, akapata habari kwa watu, akaja Mwamgongo na Bukuru mkononi. Butoyi wakati huo alikuwa na miaka saba, na yule mama alikuwa mgeni kwake. Alishikilia nguzo ya nyumba, analia, "Mama, usiwape!" Skolastika ndiye aliyemfungua vidole. Akatoa yale magauni yote ya sandukuni, mengine yameshakuwa madogo, akampa Bukuru. Halafu akawasindikiza hadi kwenye boti.

"Ningefanyaje?" akaniuliza. "Ni mtoto wa mwenyewe. Lakini namtaka, Mama Nickson. Mpaka leo namtaka."

Nikapiga hesabu kidogo.

"Mama, Butoyi sasa ni mtu mzima. Pengine ana watoto wake."

Akanitazama kama nimemtukania mtu. "Butoyi? Yule? Hata kitenge hajui kujifunga vizuri!"

Hapo ndipo nilipoona kosa letu. Tulikuwa tunamtafuta mtoto wa miaka saba katika kambi isiyokuwepo. Nikafuta kila kitu, nikatulia, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ile tovuti ukiijazia visanduku vyote inakunyima. Nikaacha mkoa tu na aina ya msaada. Tena si "watoto", bali "familia zilizotenganishwa". Ikaleta mashirika machache. La kwanza taarifa zake zilikuwa hazijaguswa kwa miaka, na nilipopiga, namba ilikuwa imekufa. La pili lilisema linahudumia waliomo makambini tu. La tatu likasema mtu yeyote aliyetenganishwa na ndugu kwa sababu ya vita.

"Ndugu," nikasoma kwa sauti. "Wewe ni ndugu yake?"

"Mimi ni mama yake," akasema Skolastika.

Nikapiga. Akapokea kijana wa heshima zake, anaitwa Bonaventura. Alimsikiliza Skolastika mpaka mwisho. Akasema akina Butoyi ni wengi mno, je, kuna jambo ambalo Butoyi huyu tu angelijua? Skolastika akamwambia habari ya nguo mbili mbili. Bonaventura akaahidi kutafuta, ila akaonya: wakimpata, kwanza watamuuliza yeye mwenyewe kama anataka kupatikana.

"Muulizeni, baba," akasema Skolastika, uso unang'aa. "Atasema nini zaidi ya kuja?"

Tukangoja. Mvua za masika zikaja zikaisha. Mabasi yakipita hakusimama tena barabarani. Alikuwa anaangalia simu yangu. Ikiita, anaacha hata mteja wa migebuka. Na mimi, mwanamke mwenye haraka, nikawa naomba Mungu kila jioni kwa ajili ya binti nisiyemjua.

Bonaventura alipopiga ilikuwa mchana, duka lina watu. Niliwatoa wote nje. Nikaweka sauti ya juu ili mama asikie.

"Mama, tumempata. Yuko hai, ni mzima, ana mume. Nimezungumza naye mwenyewe kwenye simu."

Skolastika akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Lakini mama, ameomba tusikupe namba yake, wala tusikuambie aliko. Mama yake mzazi anaishi naye, ni mgonjwa. Anasema jina lako likitajwa mle ndani, yule mama analia siku nzima kwamba mtoto wake aliibiwa moyo. Amesema hapana. Pole sana."

"Hapana ya nini!" nikafoka. "Mwambie huyo binti—"

Skolastika akanishika mkono, akaichukua simu.

"Baba, nisaidie jambo moja tu. Ulipomtajia Skolastika wa Mwamgongo, alikuuliza huyo ni nani?"

Bonaventura akajibu:

"Hapana, mama. Hakuuliza. Alianza kulia hapo hapo."

Skolastika akanirudishia simu. Akakaa chini sakafuni, miguu kainyoosha kama mtu aliyefiwa, machozi yanamtiririka, na huku anatabasamu.

"Umesikia, Mama Nickson? Hakuuliza mimi ni nani."