Shikamoo Kabla ya Makosa

Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Mashine ya Dar es Salaam ilikuwa inaacha kwa koma moja.

Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya maji pale Iringa, nikapelekwa kozi, nikarudi naitwa mwandishi wa programu. Tulikuwa wawili tu nyanda zote hizi: mimi Iringa, na kijana mmoja wa kiume Mbeya. Kila mmoja aliandika programu yake kwa penseli, mstari kwa mstari, maagizo ya kuifanya kompyuta ikokotoe ukubwa wa mabomba ya vijijini. Kompyuta yenyewe ilikuwa Dar. Karatasi zangu zilipanda basi, huko maandishi yake yakageuzwa matundu kwenye kadi, mashine ikalishwa kadi, ikatema makosa. Kila Ijumaa mzee mmoja, mwendesha mashine, alinisomea makosa hayo kwa simu, nami nikayasahihisha palepale kwenye nakala yangu.

Simu ilikuwa ya dakika tatu. Zikiisha operata anakata, hana simile.

Mkuu wangu alishaniambia: programu isipokubali kabla ya masika, narudi kwenye taipu. Hakuwahi kuamini kwamba msichana angeweza. Nilitaka kazi ile kuliko kitu chochote, na nilitaka yeye aone.

Sasa yule mzee alikuwa mtu wa Kilolo, Mhehe mwenzangu wa huku kwetu Iringa.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mvua imeshanyesha huko?"

"Bado, baba."

"Mama hajambo? Na baridi je?"

"Hajambo. Baridi ipo. Na wewe miguu inaendeleaje?"

Ningefanyaje? Mtu wa umri wa baba yako humkatizi ukamuuliza habari za koma. Tena nilimhurumia, nikidhani amezeekea mbali na kwao na sauti yangu ndiyo inayomrudisha nyumbani. Akifika kwenye "haya, mstari wa kumi na mbili, mabano hayajafungwa," operata ameshaanza kukohoa. Napata makosa mawili, nikibahatika matatu. Mengine yanabaki Dar. Nasahihisha nusu, karatasi zinapanda basi tena, Ijumaa inayofuata tunaulizana mvua. Nilijaribu kuzungumza mbiombio, naye akanituliza: "Taratibu, mwanangu, taratibu."

Masika yakaja. Programu ya Mbeya ilikubali, yangu ikakataa. Nikarudishwa kwenye taipu, na kazi yangu ya kwanza ikawa kupiga barua ya kumpongeza kijana wa Mbeya. Nililia chooni. Sikuona aibu siku ile na siioni leo.

Miaka michache baadaye nikamkuta yule mzee stendi ya Iringa, amestaafu, anangoja gari la Kilolo na mfuko wake miguuni. Nilimtambua kwa sauti. Tukasalimiana mpaka tukatosheka, maana safari hii hapakuwa na operata. Kisha nikamwambia, nusu utani, "Baba, salamu zetu zile ndizo zilizonirudisha kwenye taipu."

Akashangaa kwelikweli. "Mimi nilidhani ndivyo unavyopenda wewe. Nilisema huyu ni binti, nikimsomea makosa ghafla atavunjika moyo. Bora nimlainishe kwanza."

"Na yule wa Mbeya? Ulikuwa unamlainisha vipi?"

Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Yule si ni mwanamume! Akinyanyua simu tu namsomea, kosa la kwanza mpaka la mwisho. Shikamoo yake alikuwa ananipa mwishoni, muda ukibaki."

Alisema vile kwa upendo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Gari la Kilolo likaanza kuita abiria. Nikambebea mfuko wake mpaka mlangoni, nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba, mwanangu. Njia nzima ya kurudi ofisini nilikuwa namtukana kimoyomoyo, kwa Kihehe, bila salamu.