Askari wa Sherifu Mezani kwa Mama

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu walikuja Marekani kuona dunia. Mimi niliona kochi, nikatosheka. Ndiyo sababu, baridi ile kule Buffalo, niliposikia kanisani kwamba ofisi ya sherifu, yaani polisi wa kaunti, inawapigia simu wazee wanaoishi peke yao, nilimwandikisha mama kabla hata hatujaimba wimbo wa kufunga ibada. Kila asubuhi mashine ingempigia. Akipokea, ni mzima. Asipopokea, askari anakwenda kugonga mlango. Mimi ningebaki chini ya blanketi na dhamiri safi, theluji ikijaa huko nje bila kunihusu.

Dada yangu wa Louisville aliposikia, akanipigia, akaanza na Kifaransa kama ilivyo kawaida ya kwetu. "Donc, umemutafutia mama mutoto mwingine, tena wa serikali?"

Nikamwambia asione wivu.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha mama akaanza kulalamika. "Ule wa simu anasalimia, haulize mugongo, haulize watoto, anakata. Hata mutu mwenye tumegombana naye anaulizaka mugongo."

"Mama, ni mashine."

"Bon. Wenye waliitengeneza hawakuilea."

Asubuhi moja simu ililia akiwa bafuni. Askari akaja, kijana mrefu, theluji mpaka magotini. Sasa, mtu aliyepita kwenye baridi ile kuja kukuuliza kama u mzima, kwetu haondoki na njaa. Mama alimkalisha, akampa ugali na ndagala, vile visamaki vikavu vya ziwani. Askari akala, akashukuru, akaenda. Tangu siku hiyo mama hakupokea simu tena.

Mimi sikujua lolote, mpaka ofisi iliponipigia kusema kwamba askari mkubwa yuko njiani kwenda kumwonya, na huenda wakamtoa kwenye programu. Usingizi uliniisha. Wakimtoa, nani atakwenda kila asubuhi? Nilivaa buti ambazo bado zilikuwa na karatasi ya dukani ndani.

Nilimkuta askari mkubwa ameketi mezani, yule kijana kando yake, kofia zao juu ya televisheni. Walikuwa wanakula ugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Sombe haiivi haraka. Mama alikuwa ameiweka jikoni kabla simu haijalia. Aliwasimulia habari za ng'ombe wetu wa milimani kwa Kiswahili, nao wakaitikia kwa Kiingereza pale palipostahili.

"Mama," nikasema, "wanataka upokee simu."

"Waambie nitapokea. Lakini wakuje Siku ya Posho. Nitapika nyama."

Nilitafsiri kwamba Jumamosi kuna nyama, nikaongeza maombi yangu mwenyewe kwa wingi. Askari mkubwa akapangusa midomo. "Programu hii ni ya watu wasio na ndugu karibu," akasema. "Yeye ana mtu?"

Niliangalia sombe iliyobaki. Mama, ambaye miaka yote ameniapia hajui Kiingereza, akaninyooshea kidole na kujibu kwa Kiingereza kizuri kabisa: "Huyu. Anakaa mitaa minne kutoka hapa. Yeye ni mzima, amechoka tu kupumzika."

Kijana alipaliwa na ugali. Mkubwa wake akatoa kalamu, akalifuta jina la mama palepale, kisha akaomba sombe kidogo ya kumpelekea mkewe.

Kesho yake asubuhi niligonga mlango. Mama akafungua, akanipima kuanzia kwenye buti.

"Umekawia," akasema. "Mashine iliamkaka mapema."

Nikamuuliza mgongo.